Lugha ya Nyumbani na Lugha ya Kitabu: Habari za Mafunzo ya Kwanza ya Watoto katika Usukuma na Geita

Kalangalala ni kata mojawapo ya mji wa Geita, kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria. Mtu akisimama asubuhi mlangoni pa darasa la awali, ambalo wazee wetu wamezoea kuliita shule ya vidudu, atawasikia watoto wa miaka mitano wakimsalimu mwalimu wao kwa namna mbalimbali. Mmoja atasema "Shikamoo," kama alivyofundishwa na mama yake mchuuzi wa sokoni. Wa pili atasema "Mwangaluka," ndiyo salamu ya asubuhi ya Wasukuma. Wa tatu, aliyeletwa juzi tu na bibi yake kutoka shamba, hatasema neno. Atatazama chini na kushika ncha ya nguo yake. Hao wote watatu, kabla jua halijafika utosini, watatazamiwa kutamka herufi zile zile katika maneno yale yale, na maneno hayo ni ya Kiswahili.

Mimi nimefundisha watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi, na hapo kwanza nilidhani kwamba ukimya wa yule wa tatu ni jambo lake mwenyewe, kama ugonjwa au uzito wa akili. Baadaye nikaona kwamba una historia yake. Waliotutangulia waliijua shida hii, wakashauriana juu yake, wakaamua mara hivi na mara vile kwa sababu zenye maana. Mwalimu asiyeijua historia hiyo humtwika mtoto mzigo ambao si wa mtoto. Kwa hiyo nimeona yafaa kuwaeleza waalimu wenzangu kwa ufupi jinsi lugha ya nyumbani na lugha ya kitabu zilivyokutana katika nchi hii, na mkutano huo umetufundisha nini.

Kwanza tutazame watu na lugha zao. Neno lenyewe "sukuma" maana yake ni kaskazini, kama vile "dakama" ni kusini. Kisukuma ni ndugu wa Kinyamwezi, hata mtu wa Nera na mtu wa Tabora husikilizana bila mkalimani. Lakini Geita hapo kale haikuwa nchi ya Wasukuma peke yao. Ilikuwa katika nchi ya Wazinza, ambao lugha yao ni jamaa ya Kihaya, pamoja na Warongo, mafundi wa chuma waliosifika kwa kufua majembe. Wasukuma walivuka kwa wingi kuja upande huu wakitafuta mashamba na malisho, hasa baada ya mwaka 1947, serikali ya Waingereza ilipoanza mpango wake wa kustawisha Usukuma, ikafyekesha mapori na kuwafungulia watu makao mapya. Tena kulikuwa na dhahabu. Ilionekana zamani za Wajerumani, mwaka 1898. Mgodi ukachimbwa tangu miaka ya 1930 hata 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Dhahabu huita watu. Basi katika Kalangalala wamekaa Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha, Wahaya, Wakerewe, Wajita na Wakurya, na lugha inayowaunganisha sokoni ni Kiswahili. Lakini ukitoka mjini kwa mwendo wa saa chache, utafika vijiji ambamo mtoto aweza kufikia umri wa shule asijue Kiswahili ila maneno machache aliyoyasikia katika redio.

Sasa tuje katika habari za kusoma. Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, walifika Kageye, pwani ya kusini ya Ziwa, mwishoni mwa mwaka 1878, wakielekea Buganda. Mwaka 1883 wakaweka kituo Bukumbi. Wamisionari wa Kiingereza wa C.M.S. walifungua kituo Nassa mwaka 1888, na mwaka 1909 kituo hicho kikapewa misheni ya A.I.M. Katika siku hizo za kwanza alikuwako Alexander Mackay, fundi na mwalimu, ambaye baada ya kuondoka Buganda mwaka 1887 alikaa Usambiro, kusini ya Ziwa, akafa huko tarehe 8 Februari 1890.

Mambo yaliyotokea Buganda yatufaa kuyakumbuka, kwa maana ndiyo mfano wa kwanza wa jambo letu. Wasomaji wa kwanza wa Buganda walisoma Kiswahili, kwa kuwa vitabu vilivyokuwako vilikuwa vya Kiswahili, kazi ya Askofu Steere wa Unguja na wenzake. Wengi katika hao walikuwa watu wazima na vijana wa ikulu, waliokwisha kuzoea Kiswahili kwa biashara ya watu wa pwani. Hata hivyo waalimu wao hawakuridhika. Mackay alianza kufasiri na kupiga chapa kwa Kiganda, na mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa tayari kwa lugha hiyo. Mtu aliyejifunza herufi kwa Kiswahili hakuhitaji kujifunza herufi nyingine ili asome Kiganda. Herufi ni zile zile. Hapo pameonekana jambo kubwa. Kujua kusoma ni kitu kimoja, na kujua lugha fulani ni kitu kingine; mtu akiisha kupata ule ujuzi wa kwanza katika lugha moja, atauchukua pamoja naye kwenda lugha ya pili.

Katika Usukuma vile vile, misheni zilianza mapema kuandika lugha ya wenyeji. Sehemu za Maandiko zilifasiriwa kabla ya mwisho wa karne ya 19, Agano Jipya la Kisukuma likatoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu mtoto wa Msukuma aliyesoma katika shule ndogo ya misheni, chini ya mti au katika banda la nyasi, aliweza kukutana na kitabu kilichosema kama mama yake asemavyo. Shule hizo zilikuwa na upungufu mwingi. Waalimu wake walikuwa na elimu kidogo, vibao vilikuwa vichache, na mafunzo mengi yalikuwa ya kukariri. Lakini jambo moja hazikupungukiwa nalo: mtoto alielewa alichokisoma.

Serikali nayo ilikuwa na haja nyingine. Wajerumani walikitumia Kiswahili katika shule zao na katika ofisi zao, kwa sababu akida aliyetumwa kutoka Tanga kwenda bara hakuweza kujifunza lugha mpya kila alipohamishwa. Waingereza walipoitwaa nchi waliikuta kazi hiyo imekwisha kuanza. Mwaka 1924 ujumbe wa mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, chini ya Bwana Thomas Jesse Jones, na pamoja naye Dokta Aggrey wa nchi iitwayo leo Ghana, ulizunguka Afrika ya Mashariki kutazama shule. Shauri lao lilikuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya kabila, na lugha ya Ulaya ije katika madarasa ya juu. Mahali penye lugha moja inayounganisha makabila mengi, hiyo ishike katikati. Mwaka 1927 kamati ya elimu iliyoishauri serikali ya Uingereza ikaandika vile vile juu ya nafasi ya lugha za wenyeji katika mafunzo.

Lakini Tanganyika ilifuata njia yake. Mwaka 1925 palikuwa na mkutano wa elimu Dar es Salaam, na hapo likatiwa nguvu shauri la kuwa na Kiswahili kimoja kilicho sanifu; mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wake; na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne za Afrika ya Mashariki. Kiswahili kikawa lugha ya shule za chini, Kiingereza kikawa lugha ya juu. Hatuwezi kuwalaumu walioamua hivyo. Nchi ilikuwa na lugha zaidi ya mia. Vitabu vilikuwa ghali. Mwalimu aliyefunzwa Mpwapwa aliweza kupelekwa Mwanza au Songea. Tena, kama Kiswahili kisingalikuwa lugha ya shule, sijui kama leo mimi na ndugu yangu wa Lindi tungaliweza kuandikiana barua.

Hata hivyo yafaa tuseme kweli yote. Faida ya taifa ilikuwa wazi, lakini bei yake ililipwa na mtoto mdogo katika mwaka wake wa kwanza, naye hakuulizwa. Katika shule nyingi desturi ikaingia ya kuiona lugha ya nyumbani kuwa ni kosa. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilitungikwa shingoni kipande cha ubao kwa kusema Kisukuma uwanjani, nikakivaa mpaka nilipomsikia mwenzangu akikosa kama mimi, nikamvisha yeye. Hivyo tulijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kusema Kiswahili, na kumvizia ndugu yako.

Nitaeleza tena habari moja, ingawa hainiletei sifa. Nilipokuwa mwalimu kijana, nilifundisha watoto wadogo katika shule ya kijiji nisiyopenda kuitaja. Nilikuwa na picha za wanyama zilizochorwa juu ya makaratasi magumu. Nikamwonyesha mtoto mmoja wa kike picha ya mbuzi, nikamwuliza kwa Kiswahili, "Hii ni nini?" Hakujibu. Nikamwonyesha picha ya nyumba, na ya nyoka, na ya maji; hakujibu hata moja. Juma baada ya juma ikawa hivyo. Nikaandika katika daftari langu kwamba ni mzito wa akili, nikamketisha nyuma, na baba yake alipokuja kuuliza maendeleo yake, nikamwambia yale niliyoyaandika. Hakubishana nami. Alisema, "Haya, Mwalimu," akaenda zake, na siku ya pili mtoto hakuja.

Baada ya miezi michache nilipita kisimani nikamkuta mtoto yule akinywesha mbuzi pamoja na mzee mmoja. Mzee alisema mbuzi wamepotea. Mtoto akamkatalia kwa adabu, akawahesabu kwa sauti, majike mbali na wana wao mbali, akaonyesha kwamba wametimia, ila watatu wamelala nyuma ya kichaka. Alifanya hesabu ambayo wengine katika darasa langu hawakuiweza kwa vijiti. Alitumia neno "mbuli," kwa maana ndivyo mbuzi aitwavyo kwa Kisukuma. Nami Kisukuma ni lugha niliyonyonya. Nyumba kwake ilikuwa "numba," nyoka "nzoka," na maji "minzi." Majibu yote alikuwa nayo kinywani siku ile, mimi ndiye niliyekuwa nimefunga mlango. Jioni nilikwenda kwa baba yake kuomba amrudishe shuleni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyeniambia hana akili. Sasa nani alikudanganya, ni mimi?" Mtoto hakurudi. Leo yule ni mama wa watoto, na kila nionapo mtoto aliyenyamaza nyuma ya darasa, humkumbuka.

Turudi katika historia. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, Kiswahili kilizidi kupata heshima, na mwaka 1967 kikawekwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote, mpaka darasa la mwisho. Jambo hilo lilikuwa jema na kubwa, maana mtoto wa Tanzania aliondolewa kongwa la kusoma hesabu na jiografia kwa Kiingereza kabla hajakielewa. Miaka 1968 hata 1972, shirika la Unesco lilisaidia mradi wa majaribio wa kuwafundisha watu wazima kusoma, makao yake yakiwa Mwanza, katika mikoa ya Ziwa. Masomo yalikuwa juu ya kazi za watu wenyewe: pamba, ng'ombe, uvuvi, migomba. Mkulima wa Usukuma alisoma kwa Kiswahili, lakini alisoma juu ya pamba, ambayo ameijua tangu utoto wake kwa jina la "buluba." Neno lilikuwa jipya, jambo lilikuwa la zamani. Huo ni uongozi mwema kwa mwalimu wa watoto pia: usimpe mwanafunzi ugeni mbili kwa mara moja. Ukileta neno geni, lete pamoja nalo kitu anachokijua. Ukileta kitu kigeni, kieleze kwa neno analolijua.

Madarasa ya watoto wadogo yalichelewa kupata nafasi yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waingie shule ya msingi, na mwaka 1977 elimu kwa wote ikaanza. Lakini wale wa chini ya miaka saba waliachiwa wazazi, misheni na vituo vya kulelea watoto mchana. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ndiyo iliyoingiza elimu ya awali katika mpango wa shule kwa watoto wa miaka mitano na sita. Sera ya mwaka 2014 ikaweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 ada zikaondolewa. Watoto wakafurika. Darasa lililokuwa na watoto arobaini likapata mia na zaidi, wengi wao wakitoka katika nyumba zisizo na Kiswahili. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yasema kwamba lugha za jamii ni hazina ya kujivunia. Lakini lugha ya darasa la awali katika shule za serikali ni Kiswahili, na vitabu vyake ni vya Kiswahili.

Hata hivyo njia haikufungwa kabisa. Katika mpango uitwao EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 katika mikoa kadhaa, Shinyanga mmojawapo, palikuwa na mafunzo mafupi ya kuwatayarisha watoto wasiopata darasa la awali. Wanakijiji walichagua mtu wao, wakamtuma awafundishe watoto kwa hadithi na michezo. Kwa kuwa mtu huyo alikuwa wa kijiji kile kile, aliijua lugha ya watoto na majina ya mama zao. Mtoto aliyeogopa aliweza kuulizwa kwa lugha yake, kisha akaongozwa polepole mpaka Kiswahili. Waalimu wa katekisimu wa zamani wangaliitambua kazi hiyo mara moja, kwa kuwa ndiyo waliyoifanya.

Wala shida hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1953 Unesco ilitoa kitabu juu ya lugha za wenyeji katika elimu, ikishauri mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mama yake. Jirani zetu wa Uganda tangu mwaka 2007 wameweka lugha za nyumbani katika madarasa matatu ya kwanza mahali panapowezekana. Hata Marekani, nchi yenye mali nyingi, imehangaika na jambo hilo hilo. Huko wako watoto wengi ambao nyumbani husema Kihispania, nao huingia shule za Kiingereza. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kusaidia mafunzo ya lugha mbili. Mwaka 1998 watu wa California walipiga kura wakayabana sana mafunzo hayo. Na mwaka 2016 wakapiga kura tena wakaufungua mlango waliokuwa wameufunga. Katika madarasa yao ya vidudu yaliyo mema, mwalimu husoma hadithi moja kwa lugha zote mbili, huandika majina ya vitu ukutani kwa lugha zote mbili, na huwaomba wazazi wasiache kusimulia ngano kwa Kihispania nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu waliona kwamba mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya mama hupata maneno ya lugha ya pili kwa urahisi, na yule aliyenyang'anywa ya kwanza huikosa na ya pili.

Sisi tuna bahati kuliko wao, maana lugha zetu mbili ni ndugu. Mwalimu akitazama vizuri ataona jinsi Kisukuma kinavyomsaidia mtoto kukishika Kiswahili. "Munhu" na "mtu" ni neno moja lililogawanyika, vivyo hivyo "ng'wana" na "mwana." Ng'ombe ni ng'ombe pande zote mbili, na sauti ile ya "ng'," ambayo wageni kutoka Ulaya huitolea jasho, mtoto wetu anayo tangu kuzaliwa. Tatu kwa Kisukuma ni "-datu," na sababu yake ilionwa na mmisionari wa Kimoravian katika Unyamwezi, Bwana Edmund Dahl: sauti mbili kavu, kama t na t, zikifuatana katika silabi mbili, ile ya kwanza hulainika. Mtaalamu Meinhof aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1903, na hata leo wataalamu wa lugha duniani huiita Kanuni ya Dahl. Hivyo jambo ambalo mwalimu asiye na habari huliita kosa la kutamka, wataalamu wa Ulaya walilitambua kuwa sheria.

Tofauti nazo ziko, na mwalimu azijue. Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili kina tano; kwa hiyo mtoto husikia tofauti ambazo maandishi ya Kiswahili hayana. Sauti ya "r" si ya Kisukuma, basi mtoto atasoma "rafiki" akatamka "lafiki." Akifanya hivyo, amesoma sawasawa, herufi ameiona na maana ameipata, ila ulimi bado unazoea. Mwalimu amfundishe kutamka kwa saa yake, wala asimhesabie kuwa hakusoma. Vivyo hivyo "th," "dh" na "gh," zilizotujia na maneno ya Kiarabu, zataka subira.

Najua baadhi ya wasomaji watasema, "Katika Kalangalala watoto wana lugha nane, utatumia ipi?" Neno hilo lina haki, na mimi sina dawa moja kwa mahali pote. Katika kijiji ambacho watoto wote ni Wasukuma, mwalimu aweza kuanza kwa Kisukuma kila siku, akavuka kwenda Kiswahili. Mjini, Kiswahili chenyewe ndicho kitakachokuwa uwanja wa wote. Lakini hata hapo mwalimu aweza kujua kila mtoto husema nini nyumbani, na kumruhusu aseme neno lake kabla ya kumpa la kitabu. Wengine watasema kwamba wazazi wenyewe wataka Kiingereza, nao hulipa fedha nyingi kwa ajili hiyo. Ni kweli, na tamaa yao si mbaya. Lakini mtoto wa Kisukuma anayeanza herufi kwa Kiingereza ameruka mito miwili kwa hatua moja. Mzazi aelezwe kwamba mtoto asiyeelewa asemalo hasomi, huimba tu.

Mwisho, nitaeleza kwa ufupi ninayoyafanya katika darasa langu siku hizi, si kwa kujisifu, ila kwa kuwa yamenisaidia. Juma la kwanza sifundishi herufi, nasikiliza. Naandika katika daftari langu lugha ya kila mtoto, na neno alitumialo kwa mama, maji, moto na chakula. Kila picha naitaja kwanza kama watoto waitajavyo, kisha kwa Kiswahili, nao wanarudia zote mbili. Siku ya Ijumaa bibi au babu mmoja hualikwa kusimulia ngano kwa lugha yake, na Jumatatu mimi naisimulia ile ile kwa Kiswahili. Watoto wakiijua habari, huyafuata maneno bila hofu. Tena tuna vitendawili. Nasema, "Kalagu," nao hujibu, "Kize," kama desturi ya Wasukuma ilivyo, ndipo nasema, "Kitendawili," nao hujibu, "Tega." Nyumba isiyo na mlango ni yai katika lugha zote mbili, na mtoto aliyelitegua fumbo hilo kwa Kisukuma hana budi kulifurahia mara ya pili kwa Kiswahili. Na kipande cha ubao hakimo katika darasa langu.

Nawaomba waalimu na mapadre wasomao maneno haya, kila mmoja mahali pake, wakusanye vitendawili, ngano fupi na majina ya vitu vya nyumbani kwa lugha za watoto wao, wayaandike pamoja na Kiswahili chake, wayatumie. Wazee wayajuao wanapungua kila mwaka. Na lile daftari la zamani, lenye jina la mtoto niliyemwandika kuwa mzito wa akili, ninalo mpaka leo. Sikulichoma, ili nikichukua daftari jipya mwanzoni mwa mwaka, nilitazame kwanza lile.